Mkono wa Jiwe: Juu ya Afishi Moja ya Don Giovanni

Mwaka wa 2012, nyumba moja ya opera katika mji wa London, iitwayo English National Opera, ilitaka kuwavuta watu wapya, hasa vijana, waje kusikiliza Don Giovanni, kazi ya Mozart. Ikatoa afishi. Juu ya afishi ile hapakuwa na mwimbaji, wala teatre, wala chombo cha muziki. Palikuwa na pakiti ya kondomu, ile ambayo wengi kwetu wanaiita kapote. Na maneno yake yalikuwa machache kabisa: jina la opera, kisha maneno mawili ya Kiingereza yanayotangaza kwamba itakuja karibuni. Wenye kujua Kiingereza wanafahamu kwamba maneno hayo mawili yana maana ya pili, maana ya chumbani, nami sina haja ya kuieleza hapa.

Najua msomaji mmoja atauliza: «Padri, mambo ya London yanatuhusu nini sisi?» Nina sababu mbili za kuandika. Ya kwanza ni kwamba opera hii iko karibu nasi kuliko tunavyofikiri, kama tutakavyoona. Ya pili ni kwamba nilikwisha kuionyesha afishi hii darasani, na jibu nililolipata limenifundisha kuliko vitabu.

Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa filozofia habari za muziki wa Ulaya. Nikawaonyesha picha ya afishi kwenye telefone, nikaficha jina la opera kwa kidole gumba, nikauliza: «Hii inatangaza nini?» Wakacheka kidogo, kisha wakanyamaza, kwani walikuwa mbele ya padri. Mwishowe mmoja akajibu kwa adabu nyingi: «Padri, hii ni ya kituo cha afya. Ni mambo ya SIDA.» Wenzake wote wakakubali. Na kweli, picha ya namna hiyo kwetu wanaijua. Wameiona ukutani mwa hospitali tangu utoto wao, karibu na picha ya mbu na ya maji ya kuchemsha.

Kijana yule hakukasirika, wala hakuona haya. Alisoma tu kile kilichokuwa mbele ya macho yake. Ondoa jina, na afishi yafaa kwa kituo cha afya, kwa duka la dawa, kwa filmu yoyote ya mapenzi. Hakuna ndani yake kitu hata kimoja kilichotoka katika Don Giovanni peke yake.

Lakini tusiwe wepesi wa kuhukumu. Afishi ile ina mazuri yake, na mtu wa haki lazima ayataje. Ina picha moja tu. Maneno yake hayajazi mstari. Mtu akipita mbio akiwahi treni, anaiona na kuifahamu kabla hajafika mlangoni. Mara ngapi tumeona matangazo ya muziki mkubwa yanayotaja mtunzi, mwongozi, waimbaji saba na wafadhili kumi, na chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, siku na saa! Tena inachekesha. Na Don Giovanni yenyewe inachekesha: kitabu cha maneno yake kinaiita dramma giocoso, maana yake mchezo wa furaha, na Leporello, yule mtumishi, ni mcheshi hata pale anapotetemeka chini ya meza. Anayesema kwamba kucheka ni kuivunjia heshima opera hii, huyo hakuisikiliza.

Wala sisemi kwamba kosa lake ni aibu tu. Ni kweli, nisingeibandika mlangoni pa kanisa. Lakini aibu ni neno la siku chache. Watu wakizoea, hawaoni tena. Kosa ninalolitafuta ni kosa la fundi. Je, afishi hii inasema kweli juu ya kitu inachokitangaza?

Kwa wale ambao hawajapata nafasi ya kuona opera, niseme kwa kifupi. Opera ni mchezo wa kuigiza ambamo watu hawasemi maneno yao bali wanayaimba. Na orkestre (sisemi zile za rumba, nasema kundi kubwa la wapiga vyombo vya nyuzi na vya kupuliza) inasema yale ambayo wao hawawezi kuyasema, au wanataka kuyaficha.

Hadithi hii ya Don Juan haikutoka katika vilabu vya pombe. Mchezo wa kwanza unaojulikana juu yake ni wa Hispania, ulichapwa karibu na mwaka wa 1630, na kwa desturi unatajwa kuwa kazi ya mtawa, Tirso de Molina, wa Shirika la Bikira Maria wa Huruma, lile lililoanzishwa kwa kuwakomboa mateka. Na maneno ya opera ya Mozart yaliandikwa na padri, Lorenzo Da Ponte, aliyezaliwa katika jamaa ya Kiyahudi huko Ceneda, akabatizwa akiwa kijana, akapata upadri mwaka wa 1773. Padri wa namna gani, hilo ni jambo lingine! Mwaka wa 1779 walimfukuza katika dola ya Venezia kwa sababu ya mwenendo wake, na Casanova alikuwa rafiki yake. Basi habari za Don Giovanni hakuzijua kwa kusoma tu.

Opera iliimbwa mara ya kwanza katika mji wa Praha, tarehe 29 Oktoba 1787. Mozart alikuwa na miaka 31. Luigi Bassi, aliyeimba mahali pa Don Giovanni, alikuwa na miaka 21. Wanaseminari wetu wengi ni wakubwa wake. Nataja hesabu hizi kwa sababu siku hizi watu wanasema opera ni kitu cha wazee, nao wanatafuta hila ya kuipaka rangi ya ujana. Opera hii ilitungwa na kuimbwa na vijana. Haina haja ya kuazima ujana dukani.

Na jina lake kamili, kwa Kiitalia, linasema: Mwasherati aliyeadhibiwa, yaani Don Giovanni. Watu wa Praha walisoma jina hilo kabla hawajaingia. Jina lenyewe lilikuwa tangazo, na tangazo la kweli. Afishi ya London ilishika neno la kwanza na kuacha la pili.

Sasa tuangalie afishi ilichukua wapi picha yake. Bila shaka ilitoka katika orodha. Katika kitendo cha kwanza Leporello anafungua daftari mbele ya Donna Elvira, mwanamke aliyedanganywa kwa ahadi ya ndoa kisha akaachwa baada ya siku tatu. Anamsomea hesabu ya wanawake wa bwana wake: 640 katika Italia, 231 katika Ujerumani, 100 katika Ufaransa, 91 katika Uturuki, na katika Hispania 1003. Jumla ni 2065. Watu wanacheka, hata mimi nacheka, kwani muziki unakimbia kama mtu anayetembeza bidhaa sokoni. Lakini tuangalie Mozart na Da Ponte wamefanya nini. Hawakumwacha Leporello peke yake na daftari yake. Wamemweka Elvira pale, asikilize. Kila hesabu inamwangukia yeye, naye ni mmoja wa wale 1003. Afishi imechukua daftari, na uso wa mwanamke haumo.

Kuna neno lingine la kuchekesha ambalo, nadhani, wenye afishi hawakuliona. Katika opera nzima, tangu mwanzo hata mwisho, Don Giovanni hafanikiwi kwa mwanamke hata mmoja mbele ya macho yetu. Juu ya Donna Anna na usiku ule wa kwanza wataalamu wanabishana mpaka leo. Lakini sisi tunamwona Don Giovanni akikimbia, uso umefichwa, na mwanamke amemshika asimwachie. Kwa Zerlina, msichana wa kijijini siku ya arusi yake, mara ya kwanza Elvira anawakatiza, mara ya pili Zerlina anapiga yowe na watu wote wanakuja. Kwa mjakazi wa Elvira anaimba wimbo mzuri kabisa chini ya dirisha, kisha Masetto anafika na watu wenye silaha. Basi ni opera ya mtu ambaye kazi yake imeanza kuharibika. Afishi inaahidi karamu. Opera inaonyesha karamu ambayo mwenyeji wake halambi hata kijiko, mpaka siku ya chakula cha mwisho, na siku hiyo mgeni aliyealikwa ni maiti.

Mgeni huyo ndiye shina la mambo yote. Don Giovanni amemwua Komendatore, baba ya Donna Anna, tangu mwanzo kabisa. Baadaye, kaburini, sanamu ya jiwe ya marehemu inasema. Don Giovanni, kwa mzaha, anaialika nyumbani kwake kula. Sanamu inakubali kwa kichwa, na inakuja.

Wapenzi wasomaji, kama ningeulizwa mimi kuchora afishi ya Don Giovanni, ningechora mikono miwili. Sikuvumbua neno hili. Limo ndani ya opera, na kila mtu anaweza kulisikia. Katika kitendo cha kwanza Don Giovanni anamwomba Zerlina mkono wake. Anamwahidi ndoa. Muziki ni mwepesi na mtamu, kila mmoja anaimba zamu yake, kisha sauti zao zinakaribiana, mwishowe zinakwenda pamoja. Msichana anataka na hataki, kisha anakubali. Huo ndio wimbo ambao watu wanaujua hata kama hawajui opera. Tuje sasa mwisho wa kitendo cha pili. Sanamu imeingia. Inakataa chakula cha watu wenye kufa. Nayo inamwalika Don Giovanni: je, utakuja kula kwangu? Anajibu kwamba haogopi, atakuja. Basi sanamu inamwomba ampe mkono uwe rehani. Anautoa. Papo hapo anasikia baridi, na hawezi kuuondoa. Sanamu inamwambia atubu, anakataa. Inamwambia tena, anakataa tena, mpaka saa inapita, na moto unakuja.

Ni mkono uleule. Aliyekuwa akiomba mikono ya wengine, mwishowe anaombwa wake. Da Ponte haelezi, na Mozart haelezi. Wanaweka tu kitendo kile mara mbili, mwanzo na mwisho. Pale kwa Zerlina ahadi ni ya uongo na mkono ni wa moto. Hapa ahadi inashikwa na mkono ni wa jiwe. Tena tusikilize vyombo: trombone tatu, ambazo zilinyamaza muda wote, zinasikika kaburini sanamu inaposema, kisha zinarudi sanamu inapoingia nyumbani. Siku zile trombone zilikuwa chombo cha kanisa. Mtu wa Vienna au wa Salzburg aliposikia sauti ile ndani ya teatre, alijua mara moja ni mlango gani umefunguliwa.

Basi mikono miwili: mmoja wa mwili, umevaa kitambaa cha mapambo kwenye kifundo, mwingine wa jiwe. Haijagusana bado. Jina, siku, saa. Kijana anayepita atajiuliza: mkono ule ni wa nani? Je, huyu atautoa wake? Hakuna uchafu, wala hakuna hubiri.

Msifikiri kwamba ninadai afishi za kitawa, zenye rangi ya maji na maua. Nilizozipenda zaidi zote mbili zina damu.

Ya kwanza ni ya Tosca, opera ya Puccini, iliyoimbwa mara ya kwanza Roma, tarehe 14 Januari 1900. Mchoraji wake ni Adolfo Hohenstein, aliyezaliwa Sankt Petersburg mwaka wa 1854 kwa wazazi Wajerumani, akafanya kazi Milano kwa Ricordi, nyumba iliyochapa muziki wa Verdi na wa Puccini. Tuangalie jambo moja kubwa: Hohenstein hakuchora afishi tu, alichora pia mandhari ya jukwaa na mavazi ya Tosca. Alikaa ndani ya kazi, akaijua kama mtu anavyoijua nyumba yake, ndipo akatoka nje kuwaita watu. Katika opera, Tosca akiisha kumchoma kisu Scarpia, yule mkubwa wa polisi aliyetaka kumnajisi, anatwaa vinara viwili vyenye mishumaa na kuviweka kando ya kichwa cha maiti. Kisha anaondoa msalaba ukutani na kuuweka juu ya kifua chake. Anafanya hayo pasipo kuimba. Orkestre peke yake ndiyo inayosema. Hohenstein alichagua mauti yale ya Scarpia: mwanamke amesimama, mtu amelala chini, amekufa.

Mtu atasema: ametoa siri! Ndiyo, ameitoa, na opera haikuharibika hata kidogo. Kwa nini? Kwa sababu picha ile inaleta swali ambalo yenyewe haiwezi kulijibu. Ni mwanamke gani huyu anayemwua mtu, kisha anamfanyia kazi ya mcha Mungu? Anamwogopa? Anamsamehe? Ni mazoea tu ya mtoto aliyelelewa kanisani? (Nimewasikia wapadri wakibishana juu ya neno hili mpaka chai ikapoa.) Jibu liko ndani ya teatre, si ukutani. Afishi ya kondomu haiulizi kitu. Mtu akiisha kuifahamu, amemaliza.

Hata hivyo Hohenstein ana kasoro kwa nyakati zetu. Anachora vitu vingi, nguo na mikunjo yake, kivuli, samani. Kuta za Milano zilikuwa pana, na watu walikwenda kwa miguu. Leo afishi inatazamwa kwenye telefone, nayo si pana kuliko kiganja, na kijana anaisukuma juu kwa kidole, hasa kwetu ambako picha inafunguka polepole kama pazia la shule. Tosca ya Hohenstein, ukiipunguza hivyo, inakuwa doa.

Ya pili haiwi doa. Ni afishi ya Jan Lenica, Mpolandi, ya mwaka wa 1964, kwa opera Wozzeck ya Alban Berg katika Teatr Wielki ya Warszawa. Miaka miwili baadaye ilipata tuzo katika maonyesho ya kwanza ya kimataifa ya afishi katika mji huohuo. Nayo ni mdomo tu. Mdomo mmoja mkubwa umefunguka, unalia, na kuuzunguka kuna mawimbi ya rangi nyekundu, moja nje ya lingine, kama maji yaliyotupiwa jiwe. Ukiipunguza mpaka iwe kama tembre ya barua, mdomo bado unalia.

Wozzeck si opera rahisi, na haina wimbo wa kuimba njiani wakati wa kurudi. Iliimbwa mara ya kwanza Berlin, Desemba 1925. Ni habari ya askari maskini: kapiteni wake anamdharau kwa sababu mtoto wake amezaliwa pasipo baraka ya Kanisa, daktari anamlipa senti kidogo ale kunde tu, kusudi afanye majaribio juu ya mwili wake, mwanamke wake, Marie, anachukuliwa na mkubwa mwenye mavazi mazuri. Mwishowe Wozzeck anamwua Marie, naye anazama majini. Utawaitaje vijana waje kuona mambo hayo? Mfanya matangazo mwoga angeficha. Angechora busu, au kofia ya askari na ua. Lenica hakuficha. Nami nafikiri aliyaona mawimbi yake ndani ya muziki. Marie anapokwisha kufa, orkestre nzima inashika noti moja tu, noti ya si, inaanza kwa sauti ndogo na kukua mpaka masikio hayawezi tena, kisha inarudia. Noti moja inayopanuka: ndiyo mdomo ule. Lenica ametuonyesha kwa macho kile tutakachokisikia kwa masikio. Kijana aliyeitazama afishi akiingia, hadanganywi na opera. Na anayeona kwamba kilio hicho hakitaki, anapita njia yake, bila mtu kumnyang'anya fedha zake.

Tuseme sasa neno juu ya vijana wenyewe. Wenye teatre wanafikiri kijana haendi kwenye opera kwa sababu hajui kwamba ndani kuna mapenzi na damu. Lakini filmu na nyimbo zinampa hayo kila siku, tena bure. Ninavyoona mimi, kinachomzuia ni mlango. Anaogopa bei. Hajui avae nini. Anaogopa kupiga makofi wakati usiofaa, watu wakageuka kumtazama. Hajui kama atafahamu lugha, wala kama atapata basi la kurudi nyumbani. Katika neno hili nyumba ile ya London ilikuwa na akili kuliko afishi yake. Mwaka uleule wa 2012 ilianzisha mpango wa kuwaita watu wapya, na Don Giovanni ilikuwa ndani yake: kiti kizuri kwa pauni 25, maelezo mafupi kabla ya kuanza, na ruhusa ya kuja na nguo za kila siku. Tena nyumba ile inaimba kwa Kiingereza, lugha ya watu wake. Hayo ndiyo yaliyostahili herufi kubwa. Huko Milano vilevile, kila mwaka teatre ya La Scala inafungua msimu wake tarehe 7 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Ambrosio. Lakini siku chache kabla, inawaimbia opera ileile wenye umri chini ya miaka 30, kwa bei ndogo. Watoto wanaonja kabla ya wazee. Ningekuwa mchoraji, ningeandika hilo tu, pamoja na picha moja ya kweli, na saa ya kuisha pia. Don Giovanni inapita karibu saa tatu. Mwambie mtu. Kumficha ni kumfanya adui saa ya tatu.

Padri mwenzangu mmoja, mtu wa kupenda ubishi, alipinga maneno yangu. Alisema: «Ndugu, afishi si katekisimu. Kazi yake ni kuwaleta watu mpaka mlangoni. Wakiisha kuingia, Mozart atafanya kazi yake.» Ni neno zito, sikuweza kulitupa. Pengine yuko mtu London aliyeingia kwa kichekesho, akatoka hana damu usoni kwa ajili ya sanamu ile. Trombone zina nguvu ya kumshika hata aliyekuja kwa sababu mbaya, na Mtakatifu Augustino alikwenda kumsikiliza Ambrosio kwa uzuri wa maneno tu.

Lakini tuangalie tofauti. Uzuri wa maneno ulikuwa kweli kwa Ambrosio. Augustino alikuta kile alichokifuata, na zaidi. Anayeitwa kwa pakiti ile anakuja kutafuta kitu ambacho Don Giovanni haina. Atakaa saa tatu akingoja mzaha wa afishi. Elvira anapoingia kwa mara ya mwisho, katikati ya chakula, na kupiga magoti kumwomba yule mtu abadili maisha yake, wala hadai tena kitu kwa ajili yake mwenyewe, kijana aliyefundishwa na afishi atacheka pamoja na Don Giovanni. Nani alimfundisha kucheka pale? Mwenzangu alisema nazidisha. Tuliachana hivyo.

Baada ya hayo niliwapa wanafunzi kazi: kila mtu achore afishi ya Don Giovanni, kwa karatasi moja na kipande cha makaa, nami nikawasimulia hadithi nzima pasipo kuwaambia habari ya mikono yangu miwili. Wengi walichora moto. Mmoja alichora daftari iliyofunguliwa na kiti kitupu mbele yake. Nilipomwuliza, akasema ni kiti cha Elvira, ameondoka. Hiyo nimeiweka chumbani mwangu. Mwingine alichora meza yenye sahani mbili, moja ya udongo, nyingine ya jiwe, na jiwe lake lilifanana sana na mkate, wakamcheka mpaka jioni.

Tulizibandika kwenye ukuta wa bwalo, na chini yake niliandika: Siku ya Mungu, saa kumi na mbili, ukumbi mdogo, bure, itaisha saa tatu na nusu. Tuliwasha jenereta. Si wote waliokuja. Siku hiyo kulikuwa na mpira. Waliokuja walicheka kwenye orodha, kama ilivyofaa. Sanamu ilipoomba mkono, hapakuwa na sauti ukumbini, nasi tukasikia jenereta tu nje. Tulipomaliza, yule wa kituo cha afya akabaki nyuma, akaniuliza kama mafuta yangetosha kurudia pale mwanzo, kwa Zerlina. Alitaka kusikia tena ule mkono wa kwanza.